Komeo Lililokuja Upande wa Kulia

Adelphi, Mariland
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Somoe,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, dada. Naomba shikamoo hii ikukute barazani, umekaa umenyoosha mguu wako unaouma, usiwe umelala ndani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule mama wa ubalozini akuletee, uliipata au imeishia Dar es Salaam kwenye magoti ya watu wengine? Na paa la jiko la uani limesimama baada ya mvua zile? Huku tulizisikia, hata kwenye televisheni walisema El Nino, wakaonyesha maji tu, sikuweza kujua kama ni kwetu Kivinje au ni kwa nani. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mwili hauna neno, moyo ndio wenye maneno, na leo nitakuandikia mengi. Vaa miwani.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita, bahasha imelowa ikakauka, nadhani ni kwa ile barabara ya Kibiti kukatika. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Lakini pale chini kabisa, pale unapoandika mambo kama mtu aliyekwisha kuaga na sasa anavaa viatu, umeniandikia hivi: "Mjukuu wako Tatu naye kaja na mkono wako ule. Usiwe na wasiwasi, nimeshamfunga kitambaa, ikifika Ramadhani utakuwa umekufa."

Dada, mfungue.

Najua ukilisoma hivyo kavu utasema Amerika imeniharibu. Najua pia Tatu unamlea wewe, mwanangu Idi yuko Mtwara na kazi zake, mimi niko huku, na mtu anayemwogesha mtoto na kumlisha ndiye mwenye kauli. Ulinilea mimi vilevile mama alipofariki, na wewe mwenyewe ulikuwa msichana tu. Sijasahau. Kwa hiyo sikuamuru. Kaa nikusimulie habari ya bunduki moja na jinsi nilivyofukuzwa kazi kwa ajili yake, ukimaliza utajua kwa nini nasema mfungue.

Ndiyo, nimefukuzwa. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ile kadi ilikuwa inakaribia kwisha, na jambo hili si la kusemwa mbiombio.

Unajua kuwa tangu niachane na wale watu wa ubalozi nafanya kazi ya kutunza wazee. Huu ulikuwa mwaka wa pili niko Herndon, ng'ambo ya mto, upande wa Virginia, katika nyumba ambayo ndege zinapita juu mpaka vikombe vinagongana kabatini. Nilikuwa naenda Jumatatu, nalala hukohuko, narudi Adelphi Ijumaa jioni. Sala ya Ijumaa ikawa inanipita wiki hadi wiki, Mungu anisamehe. Adelphi nakaa na Mama Furaha, yule mama wa Bukavu niliyekuandikia habari zake, anayepika kisamvu bila nazi na kukiita sombe.

Mzee niliyekuwa namtunza anaitwa Walter. Mjane. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchora michoro ya mashine, na nyumba yake ilikuwa imenyooka kama mchoro, hata vijiko vimelala upande mmoja. Kiharusi kilimpiga kabla sijafika. Kiliuchukua upande wote wa kulia, mguu anauburuta kwa gongo, mkono umekufa kabisa. Na ulimi pia. Maneno yalibaki machache, nayo yamechanganyika. Akitaka maji anasema "kijiko". Akitaka miwani, "kijiko". Siku moja alimwita mchungaji wao kijiko, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akashika mbavu. Mimi nilijifunza kumwelewa kwa macho. Yeye aliniita Mama, na hilo neno halikumpotea hata siku moja.

Siku ya kwanza nilikuta bunduki imelala kwenye meza ya jikoni, karibu na mkate. Nikasema audhubillahi, nimeingia nyumba gani? Karoli, binti yake, akacheka. "Usiogope. Baba haui hata panya. Anapiga karatasi."

Karatasi, dada. Wanaibandika kwenye ubao wa mbali, mbali kama kutoka msikitini mpaka forodhani, imechorwa miduara, na wanashindana nani matundu yake yatakaa karibu karibu zaidi. Ni watu wazima, wengi wastaafu. Ndio mchezo wao. Mzee Walter ameucheza miaka yote, ukutani ana vikombe vya ushindi vimejaa vumbi kwa sababu Karoli hapendi vifutwe, anasema vinamkumbusha baba yake siku zilizopita. Bunduki zake zote zilikuwa na komeo upande wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokufa. Kwa hiyo alikuwa anajenga mpya.

Nilifikiri bunduki inanunuliwa nzima kama sufuria. Kumbe wenyewe hawa wanaijenga vipande vipande. Mtutu alikwisha kununua, na kitako cha mbao alikwisha kuchongewa, kimekaa sebuleni kama mtoto mgeni. Kilichobaki ni kile kiini cha katikati, chuma ambacho mtutu unajichomeka mbele yake na komeo linapita ndani, linakwenda na kurudi kama komeo la mlango wetu wa uani. Mimi nakiita mtambo. Kuchagua mtambo kulituchukua msimu mzima wa majani kupukutika. Nasema kulituchukua, kwa maana kurasa za vitabu vya mafundi nilikuwa nazifunua mimi, na yeye anaweka kidole.

Rafiki yake mmoja anaitwa Dale, fundi wa bunduki, mzee mwenye maneno mengi kana kwamba anatumia na yale ya Walter yaliyopotea. Alikuwa anakuja kunywa kahawa na kubishana.

"Walter, nisikilize," akamwambia siku moja. "Chukua mtambo wa kiwandani. Wiki ijayo unao. Mimi nitauchonga nitaunyoosha, utakuwa mzuri kuliko wewe."

Mzee akatikisa kichwa. "Jino," akasema.

"Jino gani? Huna meno wewe!"

Mzee akagonga meza kwa kidole. "Jino!"

Dale akapumua. "Nilijua utasema hivyo, mkaidi wewe. Mama, njoo uone anachosumbukia huyu." Akatoa mfukoni komeo la kiwandani alilokuja nalo pamoja na mtambo wake. Mbele ya komeo kuna meno mawili, moja huku moja huku. Ukilisukuma na kuligeuza, meno yanaingia kwenye mtambo yanashika, ili risasi ikilipuka komeo lisirudi likamvunja mtu uso. Akayapaka meno yote mawili wino wa bluu, akalifunga komeo, akalifungua, akalifunga tena mara nyingi, akanionyesha. Jino moja wino ulikuwa umefutika, chuma kinang'aa. La pili lilikuwa bluu vilevile, kama halijaguswa.

"Unaona? Hili limebeba kazi yote. Hili jingine limekaa tu, tangu kiwandani halijawahi kugusa kitu."

"Basi litavunjika?" nikauliza.

"Halivunjiki. Bunduki inapiga, mwenyewe hata hajui. Ila kila risasi komeo linasukumwa upande, kidogo, kidogo sana. Kwenye karatasi ya karibu huoni. Ukienda mbali ndipo unashangaa kwa nini hupigi pale unapoangalia."

Mzee Walter akanitazama kama kusema, umesikia? Nilisikia. Nililitazama lile jino la bluu muda mrefu, dada, mpaka Dale akaniuliza kama kahawa imeisha.

Basi akachagua fundi mmoja wa jimbo la mbali, anayechonga mitambo michache kwa mwaka kutoka kipande kimoja cha chuma. Mtambo wake hauna tundu chini la kuwekea risasi nyingi, unaweka moja moja kwa mkono, na kwa kuwa haukutobolewa, chuma kinabaki kigumu, hakipindi. Meno yote mawili yanashika sawasawa. Na jambo moja halikuwa na ubishi hata kwa Dale: komeo liwe upande wa kushoto, upande wa mkono uliobaki hai. Mashindano ya klabu yao ni mwezi huu wa tano. Mzee alitaka kuketi pale mara moja tena, na mimi, Mungu shahidi, nilitaka hivyohivyo.

Siku ya kuagiza Dale alikuwa amesafiri kwa mwanawe. Mzee hakutaka kungoja, foleni ya yule fundi ilikuwa inarefuka. Akanipa simu. Ilikuwa asubuhi, anakula uji wake wa shayiri. Yule fundi aliniuliza mengi, na yote nilikuwa nimeandikiwa kwenye karatasi, unene wa mtutu, aina ya risasi, nikasoma. Halafu akauliza kitu ambacho hakikuandikwa kwa sababu kila mtu alikijua.

"Mpigaji wenu ni wa mkono gani, mama?"

Nikamgeukia Mzee. Naye alikuwa amesikia, simu zao zinapiga kelele. Akainua mkono wake ulio hai, wa kushoto, na kijiko ndani yake na uji unadondoka. "Huu," akasema. "Huu, huu!"

Sasa nisikilize vizuri, dada Somoe, maana hapa ndipo ulipo wewe.

Watu wengine ukiwaambia kulia na kushoto wanajua tu, kama wanavyojua juu na chini. Mimi sijui. Tangu utoto sijui. Mimi nina mkono uliofungwa na mkono wa kulia chakula. Dereva wa basi akinishusha na kunielekeza nipinde kushoto, mimi kwanza nashika kiwiko, nakumbuka ni upi ulikuwa unauma, ndipo napinda. Mtu akiniuliza ghafla, najiuliza: unakula kwa upi? Huo ndio wa kulia. Si ndivyo ulivyonifundisha? "Huu wa kulia, huu wa kulia," na kibao cha kichwa kila nilipokosea.

Nikaangalia mkono wenye kijiko. Nikajiambia, huo ndio anaolia. Nikamwambia yule fundi: "Raiti," yaani wa kulia.

Neno moja. Sikulisikia hata likitoka.

Karatasi ya kuthibitisha ilikuja kwa posta, imejaa maandishi madogo. Macho ya Mzee yalikuwa yanachoka haraka tangu kiharusi. Akaniuliza kwa nyusi: sawa? Nikamwambia sawa, Mzee. Akatia sahihi kwa mkono wake wa kushoto, sahihi iliyopinda kama ya mtoto wa madrasa, akaifurahia.

Sanduku lilifika baada ya baridi kwisha. Dale alikuwepo, na kahawa ipo. Mzee hakutaka tumsaidie, akakata utepe wa gundi mwenyewe, akafunua karatasi ya mafuta. Dada, kilikuwa kitu kizuri. Sijui kama chuma kinaweza kuwa na uso, lakini kile kilikuwa nao. Akakilaza mezani mbele yake, akafumba macho, akaupeleka mkono wake kutafuta kishikio cha komeo. Mkono ukapita hewani. Ukarudi. Ukapapasa tena, kama kipofu anayetafuta mlango kwenye nyumba aliyohama.

Akafumbua macho. Akaona kishikio kimechomoza upande wa pili, upande wa mkono wake uliokufa.

"Siyo," akasema. Neno lilikuja lenyewe, halikuwa kijiko. "Siyo. Siyo."

Dale akaishika ile karatasi ya kuthibitisha, akaisoma, akanitazama, kisha akaitazama kahawa yake.

Nililia, nikapiga magoti pale jikoni nikamshika Mzee miguu kama tunavyofanya kwetu. Akashtuka, akanipapasa kichwa, "Mama, Mama, kijiko, kijiko," ananibembeleza. Mtu niliyemwangusha ndiye anayenibembeleza.

Tukapiga simu kwa yule fundi. Alisikitika kweli, lakini chuma kikishachongwa kimechongwa. Kuchonga mwingine anaweza, ila foleni yake sasa inafika mwakani. Mwakani, dada! Hata daktari hamtajii Mzee Walter habari za mwakani.

Jumamosi Karoli akaja, nikaitwa kutoka Adelphi. Karoli si mwanamke mbaya. Hakupaza sauti. Alikuwa haipendi hiyo bunduki tangu mwanzo, nadhani ndani ya moyo alishukuru. Lakini aliniuliza: "Mama, hukujua kulia na kushoto?"

Nikasema, "Nilichanganya."

"Dawa za baba za asubuhi ziko kisanduku cha kulia, za jioni kisanduku cha kushoto. Nitalala vipi nikijua unachanganya?"

Sikuwahi kukosea dawa hata siku moja. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kile cha jioni siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa najijua. Nilitaka kwenda kuuleta ule uzi auone. Halafu nikafikiri, nitamweleza kwa lugha gani? Kwamba dada yangu alichana kipande cha kaniki ya marehemu mama, akakilowesha maji ili fundo likaze, akanifunga mkono mgongoni kuanzia alfajiri mpaka isha, mpaka korosho zikaisha kuokotwa? Kwamba nilijikwaa uani nikaanguka kifudifudi kwa kukosa mkono wa kujizuia, na jino langu la mbele likabaki kwenye kinu? Angefikiri sisi ni watu gani? Nikanyamaza kwa ajili yako. Kazi ikaondoka hivyo, kwa kimya changu. Akanipa wiki mbili za kumalizia.

Mama Furaha alinikuta nalia. "Weye unalilia nini? Ule muzee alikufukuza?"

"Hapana, binti yake."

"Basi! Kazi ingine itapatikana, Mungu iko. Mukono ni mukono, mama. Kwetu mutu wa kushoto ndiye wanamwita kushona nguo, anashona muzuri." Akanitilia sombe yake. Nikaila, na safari hii sikuisema vibaya.

Ijumaa yangu ya mwisho, asubuhi, Dale alikuja na gari. Bila kumwambia mtu alikuwa amekwisha kuufunga ule mtambo kwenye mtutu na kitako. "Tutaupiga hivyohivyo," akasema. "Chuma hakina kosa." Tukaenda kwenye uwanja wao. Mzee akaketi mezani, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, shavu lake kwenye kitako, kidole cha kushoto kwenye kifyatulio. Risasi ya kwanza akaipiga. Ya pili ndipo taabu ilipoanza. Ili afungue komeo ilibidi auvushe mkono juu ya bunduki mpaka upande wa pili, na kila akivuka, bunduki inasogea, anaanza upya kulenga. Jasho likamtoka. Dale akasimama kumsaidia, Mzee akamfukuza kwa kijiko, yaani kwa neno lake hilo. Akanitazama mimi.

"Mama. Wewe."

Nikasema bismillahi, nikaketi kuumeni kwake, upande wa komeo. Nikapeleka mkono wangu, huu wa adabu, wa kulia chakula, ukapita mbele ya kifua changu, umekunjama, nikaigonga bunduki ikatoka mahali pake.

"Siyo huo," akasema Mzee. Alisema taratibu sana, anatafuta kila neno na kulipata. "Mwingine."

Ule mwingine ulikuwa umelala mapajani kwangu, karibu kabisa na komeo. Ulikuwa hapo muda wote. Dada, niliogopa. Mwanamke mzima, bibi wa wajukuu, niliogopa kunyanyua mkono wangu mwenyewe mbele ya watu, nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu anakuja kunipiga kibao. Kisha nikaunyanyua. Nikashika kishikio, nikakiinua, nikavuta. Komeo likaja kama kisu ndani ya samli. Nikatia risasi, nikasukuma, nikakilaza. Bunduki haikutikisika hata kidogo. Mkono haukuuliza kitu. Ulikuwa unajua, kama mtu aliyefungiwa chumbani miaka arobaini na anatoka anauliza tu, haya, kazi iko wapi.

Alipiga tano. Dale alipoileta ile karatasi alikuwa anakimbia, mzee mzima. Matundu matano yalikuwa yameingiana yakawa tundu moja lenye kingo.

"Tunakwenda mashindanoni!" Dale akapiga kelele. "Mama, huendi popote, wewe sasa ni sehemu ya bunduki!"

Msimamizi wa uwanja alikuwa amesimama nyuma yetu. Mtu mpole, kofia mkononi. Akasema amefurahi kumwona Walter tena. Kisha akasema kanuni yao ni moja, ya tangu zamani, hana uwezo wa kuibadilisha: siku ya mashindano bunduki haiguswi na mkono mwingine ila wa mpigaji. Dale akamtukana. Yule mtu akakubali kutukanwa, akabaki na kanuni yake.

Basi. Mashindano ni Jumamosi ijayo, na Mzee Walter hatakuwepo. Bunduki imerudi sebuleni. Mtu mwingine anampa dawa, na sijui kama anaelewa kuwa kijiko ni maji. Wakati wa kuagana alinipa ile karatasi, akaniwekea mkononi, mkono ule.

Dada, mimi sikuandikii kukushitaki. Shangazi ndiye aliyekwambia hakuna mume atakayekula chakula cha mwanamke wa mkono wa kike, wa kushoto, nawe ulitaka niolewe, ulitaka nisitiriwe. Najua ulikuwa unalia ukinifunga, nilikuwa naisikia pumzi yako nyuma yangu. Lakini ulinifunga. Yote mawili ni kweli, na mimi nimechoka kulitaja moja tu kila ninapokuandikia.

Na usiseme nimeacha dini. Nilimwuliza mwalimu wa msikiti ninamosali huku, mtu mwenye elimu, nikiwa nimejitanda nyuma ya pazia. Akasema kula kwa mkono wa kulia ni sunna, mtoto afundishwe kwa upole, naye atazoea. Lakini kuandika, kushona, kuchota maji, kufungua mlango, nani kawaambia ni haramu? Na kamba hiyo mmeitoa katika kitabu gani? Mimi ninapofunga mikono katika sala, wa kulia unakaa juu, na wa kushoto uko chini yake umeubeba. Naye Mola anaiona yote miwili.

Uliandika kuwa ikifika Ramadhani mkono wa Tatu utakuwa umekufa. Mkono uliokufa mimi nimeuona, dada. Nimeuosha kila asubuhi kwa miaka miwili, kidole kimoja kimoja, nimeukausha, nimeuingiza kwenye shati. Hakuna mtu anayeumbiwa mkono hai kisha akautafutia kifo.

Kuhusu mimi msiwe na hofu. Karatasi zangu za kukaa huku ziko sawa, na Mama Furaha amesikia kuna bibi kizee College Park anatafuta mtu.

Nisalimie shemeji yetu mwenye kibanda cha kinyozi, mwambie sijasahau alivyonibebea begi mpaka Dar. Nisalimie Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kama bado anasikia. Nisalimie jirani wa ukuta mmoja, mama pacha, na wote wanaoniulizia kwa nia njema, na wanaoniulizia kwa umbea nao pia. Idi nitamwandikia barua yake mbali.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi yenye miduara na tundu moja katikati. Ni ya Tatu. Mfungue kwanza, maji ya uvuguvugu yatalegeza fundo. Mwache asugue kiwiko, utaona kitambaa kimeacha alama, usiitazame sana. Halafu simama mbele yake umpe hii karatasi, na usimwambie aipokee kwa mkono gani. Nyamaza tu, dada, uangalie ni upi utakaokuja.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Hadija